Aliyekojoa Gwarideni

Nina nyumba mtaa wa Nalufenya, Jinja, yenye vyumba tisa, na katika vyumba vyote tisa hakuna mtu hata mmoja anayethubutu kuniambia kwamba leo mdomo unaninuka. Naanza na hilo kwa sababu nawajua watu wanavyopenda kumsikia tajiri akilia. Wanafurahi. Hata mimi ningefurahi. Zamani, nilipokuwa nasukuma baiskeli yenye gunia la mahindi kwenda kusaga, mtu wa gari kubwa angenilalamikia kuwa ana huzuni, ningemjibu: lete hiyo huzuni pamoja na gari lako, nitabeba vyote viwili.

Haya, nimevibeba. Gari lipo nje, limeoshwa.

Nilianza na mashine moja ya kusaga unga, nikapata shule ya kuuzia posho, ule unga wa ugali wa wanafunzi, kisha shule nyingine, kisha duka la mabati na misumari hapa Jinja, kisha majengo ya kupangisha. Sitaeleza zaidi. Hadithi ya jinsi mtu alivyopata mali inampendeza mwenyewe tu, wengine wanasikiliza wakisubiri zamu yao ya kuomba. Nitaeleza salamu. Siku hizi salamu ninazopewa zina mkia. Mtu anapiga simu: habari mzee, watoto wazima, biashara inaendaje, Mungu ni mwema. Halafu kimya kidogo. Mimi nahesabu moja, mbili, tatu, na mkia unatokea: ada, kodi ya nyumba, mgonjwa, paa limeng'olewa na upepo. Sisemi ni waongo. Wengi wana shida za kweli kabisa, na ndiyo maana nilichoka. Mwongo unamfukuza ukalala vizuri.

Basi nikajifunza ujanja. Nilimwambia karani wangu awe ananiandalia bahasha, ndogo ndogo, nyeupe, nizibebe mfukoni mwa koti. Mtu akianza tu habari mzee, mkono wangu umeshaingia mfukoni. Anapata bahasha kabla mkia haujatokea, anashukuru, anaondoka, nami sikusikia jina la ugonjwa wala jina la mtoto. Mji mzima ukasema yule bwana ana mkono mwepesi, hata hangoji kuombwa. Upuuzi mtupu! Ule haukuwa ukarimu. Nilikuwa nawafungia watu mlango kwa adabu.

Na kicheko, jamani. Siku moja kwenye kikao cha wafanyakazi nilisema mzaha mbovu kuhusu ng'ombe na mwalimu. Wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi. Wiki iliyofuata, kwa makusudi, nikasema mzaha ule ule kwa watu wale wale. Wakacheka vile vile, na yule mmoja akafuta machozi tena. Nilitoka nikakaa ndani ya gari kama robo saa, nimefunga vioo. Dereva akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia awashe gari twende, asinisumbue.

Mke wangu ni mtu mwema. Lakini alinikuta tayari nina mashine mbili na pikipiki mpya. Kuna swali moja sijawahi kumwuliza, naye anajua kwamba sijamwuliza, na tunaishi nalo kwa heshima kubwa.

Alibaki mtu mmoja tu duniani. Huyo ndiye nataka kuwaeleza habari zake, maana nilimpoteza mwenyewe, kwa mkono wangu huu.

Tulizaliwa wote kambini Mbale, watoto wa askari magereza. Baba yangu alitoka kaskazini, baba yake alitoka upande wa mji wa Kumi, na mle kambini hapakuwa na lugha ya mtu wala ukoo wa mtu. Kulikuwa na Kiswahili chetu cha afande na iko, ambacho watu wa mjini walikiogopa kwa sababu waliwahi kukisikia kwa wenye bunduki, lakini kwetu kilikuwa lugha ya mama anapokuita uje ule. Mpaka leo nikikasirika nakasirika kwa Kiswahili. Vyumba vyetu vilipakana ukuta mmoja. Tukila maharage, wao walijua. Wakichapana, sisi tulijua.

Tulipokuwa na miaka saba hivi, sikukuu ya uhuru, watoto wa kambi tulipangwa mstari uwanjani tumuimbie mkubwa fulani aliyekuja kukagua gwaride. Jua kali, tumesimama tangu asubuhi, na amri ni hakuna kutikisika. Mimi nilibanwa. Nilijikaza, nikajikaza, na yule mkubwa alipofika karibu kabisa na sisi, nikakojoa. Kaptula ya kaki ya kuazima ikaloa hadi magotini. Nilikuwa nasikia watoto wa nyuma wakianza kucheka. Yule mwenzangu, aliyesimama kushoto kwangu, aliniangalia, akaangalia mbele, kisha na yeye akakojoa. Hakuwa amebanwa, alikuja kuniambia baadaye, ilimbidi autafute mkojo. Alikojoa makusudi ili nisiwe peke yangu. Jioni baba zetu walituchapa sote wawili kwa mkanda mmoja, mmoja baada ya mwingine, na kuanzia siku ile akajipa haki ya kuniita Mkojozi mpaka tufe.

Aliitumia haki hiyo kikamilifu. Nilipooa, alinitambulisha kwa wakwe kama Mkojozi. Nilipokuwa na mashine ya tatu, meneja wa benki alinitembelea hapa Nalufenya, tumekaa barazani na chai, huyu bwana akatokea na suruali yake yenye matundu ya cheche, maana yeye ni fundi wa kuchomelea, ana kibanda chake Namakwekwe, kule kule Mbale, anatengeneza madirisha na mageti. Akasimama mbele ya meneja akasema, "Wewe Mkojozi, hapa kwako iko chakula, ama iko viti tu?" Meneja karibu aangushe kikombe. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Hakuna aliyejua nilivyokuwa nakingoja kicheko kile, kicheko ambacho sikukinunua.

Hakuwahi kuniomba kitu. Geti langu alilitengeneza yeye, na alinitoza zaidi ya bei ya watu wengine. "Kwa Mkojozi bei iko mara mbili," alisema, "moja ya chuma, moja ya kunyamaza." Nikalipa huku namtukana. Hatukuambiana asante hata siku moja. Asante ilikuwa ya watu baki.

Sasa nieleze jambo la jembe, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kosa langu. Sisi watoto wa kambi hatukuwa na ukoo wa karibu. Mtu akifa, wajomba wako mbali, shangazi wako mbali, na nyakati nyingine njia za kwenda kwao zilikuwa na vita. Kwa hiyo wazee wetu wa kambi walijitengenezea utaratibu wao: kaburi linachimbwa na majirani, bila malipo, na jembe la kwanza linapigwa na rafiki wa mfiwa. Huyo rafiki ndiye anasimama mahali pa ukoo mzima. Anakuja asubuhi na jembe lake la nyumbani, haitwi, hakumbushwi, na mfiwa anamwonyesha kwa kidole: hapa. Basi. Hakuna maneno.

Baba yangu alipofariki nilikuwa bado mtu wa baiskeli na gunia. Mwenzangu alikuja na jembe la mama yake, mpini umepinda, nikamwonyesha, akapiga. Ardhi ya pale ilikuwa na mawe. Alichimba yeye na majirani hadi saa saba mchana, viganja vikachubuka, na tulipokwisha zika alinishika shingo kwa ile mikono yenye damu akaniambia, "Lia sasa, Mkojozi, lakini kwa macho tu." Nikacheka na kulia kwa pamoja, kamasi mpaka kidevuni. Sijapata faraja nyingine kama ile, na nimeshapewa rambirambi na mawaziri.

Mama aliishi Malukhu, mtaa wa Mbale, kwenye nyumba niliyomjengea. Alipofariki, mimi nilikuwa huyu huyu wa sasa. Nilipiga simu tatu tu. Kampuni ya mazishi ikaleta jeneza, mahema meupe, viti vyenye vitambaa, wapishi wa kukodi, na vijana wanne waliovaa fulana zinazofanana kwa ajili ya kuchimba na kujengea kaburi kwa matofali na vigae. Wanawake wa jirani walikuja na kuni na ndizi kichwani, kama desturi. Wapishi wakawaambia hapana haja, mama, kaeni. Wakakaa. Kuni zikawekwa nyuma ya choo. Watu waliokuja kumlilia mama yangu wakageuka wageni wa karamu, wanangoja sahani.

Mimi nilisimama mlangoni nikipokea mikono. Pole mzee. Pole sana mzee. Mkono mmoja, mkono mwingine, na kila mtu nilimwona usoni kama ana mkia unaomngojea nyuma. Nilikuwa na bahasha mfukoni kwa ajili ya wazee waliotoka mbali, za nauli. Sikuwa nawaangalia. Ningesema nilikuwa na majonzi, lakini hapana, nilikuwa na mazoea. Mtu mmoja akasimama mbele yangu akiwa na jembe begani. Nikaona jembe, sikuona mtu. Nikasema, "Usijisumbue, kuna watu wa kazi nimeshawalipa." Na mkono wangu, huu mkono mwepesi unaosifiwa Jinja nzima, ukaingia mfukoni ukatoka na bahasha, ukaiweka kwenye kiganja chake.

Kiganja kilikuwa kigumu, chenye alama za moto. Hapo ndipo nilipoinua macho.

Aliiangalia bahasha. Akaniangalia. Nilitaka kusema kitu, lakini nyuma yake alikuwapo mbunge na watu wake, wanasukumana, na mbunge alishanyoosha mikono yote miwili kunikumbatia. Nilipomaliza kukumbatiwa, mwenzangu hakuwapo. Nikajiambia, ah, atarudi, huyu namjua, atanitukana mbele ya watu wote leo nikome. Nilimtafuta chini ya mahema yote. Wakati wa kuzika nilikuwa naangalia watu badala ya kuangalia jeneza la mama yangu. Wale vijana wa fulana walifukia kwa dakika chache, wakafagia, wakawapanga watu wapigwe picha. Hakuna aliyenishika shingo.

Baada ya wiki nilikwenda Namakwekwe. Nilitembea kwa miguu kutoka barabara kuu, dereva nikamwacha mbali, maana nilishajua nimekosa. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimeshajiandaa, njiani nilikuwa nachagua matusi atakayonipa. Alipoziona buti zangu alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea, akasimama. Akachukua kiti cha plastiki, akakifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe, akakiweka kivulini.

"Karibu, bwana," akasema.

Bwana! Nikamwambia aache mzaha. Akatabasamu vizuri tu. Nikamwambia kuhusu siku ile, kwamba sikumwona, kwamba nilichanganyikiwa. Akasema anaelewa, msiba ni msiba. Kisha akasema, "Na ile bahasha, asante sana. Nilinunulia watoto viatu." Miaka yote ile, hakuwahi kuniambia asante. Ningepigwa kofi ningeona nafuu. Nikamwuliza, na jembe? Akasema jembe lipo, na akaniuliza kama geti la Nalufenya linafunga sawasawa.

Nilirudi tena na tena, kwa karibu miaka mitatu. Kila safari kiti kilifutwa. Niliagiza mageti ambayo sikuyahitaji, na kila mara alinipa bei ya haki kabisa, bei ya mtu yeyote. Kuna mageti sita yameegeshwa nyuma ya ghala langu hapa Jinja, hayana ukuta wa kuyafungia. Siku moja nilimtukana mimi, kwa lugha yetu ya kambi, tusi baya linalohusu miguu ya mama yake, nikidhani nitaichokonoa hasira. Akacheka kidogo. Kile kicheko nikakijua mara moja, maana nakisikia kwenye vikao vyangu kila wiki. Nikajua sasa na yeye nimeshamnunua, kwa bahasha moja, na sikupata chochote.

Kisha mwaka huu baba yake akafariki, yule mzee aliyetuchapa kwa mkanda. Alikuwa wa mwisho katika wazee wetu wote. Sikupigiwa simu. Nilisikia kwa dereva wangu, ambaye dada yake anakaa Namakwekwe. Nilikaa nalo moyoni dakika chache tu. Nikaenda dukani kwangu, nikachukua jembe, nikalitia mpini mwenyewe, nikapasua kidole, nikamwambia dereva abaki. Nikaendesha peke yangu alfajiri, barabara ya Tirinyi yote hadi Mbale, jembe kwenye kiti cha mbele nimelifunga mkanda. Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe, nakwenda msibani nina furaha. Nilisema moyoni, leo nitapiga jembe la kwanza, na atanionyesha kwa kidole tu, na itakuwa imekwisha.

Nilipofika jua lilikuwa limeshatoka juu ya mlima Wanale. Kaburi lilikuwa limefika magotini. Jembe la kwanza lilikuwa limepigwa na jirani yake, mtu wa boda boda, ambaye nilimkuta ndani ya shimo amevua shati. Sikujali. Nilivua koti, nikakunja mikono ya shati, nikaenda na jembe langu. Waliponiona walitoka shimoni wote watano, wakafuta mikono kwenye suruali, wakasimama mstari. Yaani mstari! Nikaingia. Nilipiga jembe mara moja, mara mbili, mara ya tatu, na nyuma yangu nikasikia makofi. Watu walikuwa wananipigia makofi kaburini. Vijana walitoa simu wanapiga picha. Mama mmoja akauliza kwa sauti, wala hakuwa na ubaya, "Mheshimiwa, mwaka huu unagombea kiti gani?"

Jembe lilikuwa bado na karatasi ya bei. Hilo nililiona wakati kijana mmoja ananipokonya kwa heshima, kama mtu anavyompokea mgeni mkoba. "Usijisumbue, mheshimiwa. Sisi tuko." Wakaniosha mikono kwa maji ya birika. Wakanikalisha hemani kwenye kochi lililotolewa sebuleni kwa mtu, peke yangu, na chupa ya maji na tishu. Wafiwa walikaa kwenye mkeka.

Mchana, kabla ya kuzika, mwenye kipaza sauti akasema tunaye mgeni wetu wa heshima kutoka Jinja, naomba atupe neno. Nikasimama. Mwenzangu alikuwa mkekani, hatua nne hivi kutoka kwangu, kichwa kimenyolewa. Nikaona nimebakiwa na nafasi moja tu, nikaivamia. Nikawaambia mimi si mgeni hapa. Nikawaambia huyu mzee alinichapa kwa mkanda, na sababu ya kunichapa. Nilieleza yote: gwaride, jua, kaptula ya kaki, mkojo hadi magotini. Nikasema, huyu fundi wenu alikojoa na yeye makusudi ili nisiaibike peke yangu, na mpaka leo jina langu halisi kwake ni Mkojozi. Nikangoja wacheke.

Hakuna aliyecheka. Watu mia mbili, hata mtoto hakucheka. Waliangalia chini, wengine wakaangaliana kwa hofu, kama vile nimewategea mtego. Mwenye kipaza sauti akakichukua taratibu mkononi mwangu. "Mnaona unyenyekevu wa wakubwa?" akasema. "Mheshimiwa anajishusha awe kama sisi. Tumpigie makofi." Wakapiga.

Tulizika. Nilitupia udongo kiganja kimoja, wakanipa kitambaa nijifute.

Wakati wa kuondoka mwenzangu alinisindikiza mwenyewe hadi kwenye gari. Alikuwa amechoka, macho mekundu, na nilitaka kumshika shingo kama alivyonishika, lakini alikuwa ananitangulia nusu hatua, akiwaondoa watoto njiani nipite. Pale garini nikamwambia kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili chetu, "Wewe, kwa nini hukucheka? Si unakumbuka?"

Hakuwa na kinyongo, nilimtazama sana, hapakuwa na kinyongo popote usoni.

"Yule mtoto mimi namkumbuka vizuri," akasema. "Lakini haikuwa wewe, mheshimiwa. Ilikuwa mtoto mwingine."

Akanifungulia mlango wa gari.